Kupima Kiuno cha Mpangaji

Arobaini ya Bi Tatu tuliisoma Jumamosi, pale pale nyumbani kwake Mji Mpya, kwenye ua ambao nikiwa na miaka ishirini na moja niliufagia mpaka nikaujua kila ufa. Watu walijaa. Pilau ilitoka kwenye masufuria matatu, na nasema bila aibu kwamba nilikula sahani mbili, maana marehemu mwenyewe angeniona nimekula moja angeniuliza kama naumwa. Tulipokuwa tunakunja majamvi, bintiye Mwajuma akanivuta kando akanitia mkononi kopo la biskuti la zamani, lile la bati. Akasema mama yake alilitunza chini ya kitanda miaka yote, na aliagiza mara mbili, akili yake ikiwa bado timamu, kwamba hilo ni la Rehema wa nyoka. Nilicheka. Nimeshakuwa mke wa mtu, mama wa watu na sasa bibi, lakini kwenye nyumba ile bado mimi ni Rehema wa nyoka. Nikajaribu kulifungua, kifuniko kimeshikwa na kutu hakitoki, na watu nyuma yangu wanataka kupita na majamvi yao. Nikalitia kwenye mkoba nikaja nalo. Sasa liko hapa mezani, na kabla sijaenda kutafuta kisu, ngoja niuseme mwaka ule kama ulivyokuwa, kwa sababu wajukuu zangu wanausimulia vibaya. Wao wanasema bibi yao alifuga joka. Nilifuga chatu mdogo mwembamba kama kidole gumba, na nusura nimuue kwa upendo.

Wakati huo kulikuwa na bustani ya nyoka chini ya mlima, njiani unapoanza kupanda, na mwenyewe alikuwa Mzee Lukasi. Mtu wa Mgeta, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mrefu, mkimya, kiangazi na masika yuko ndani ya mabuti ya mpira. Niliwahi kufika pale na darasa letu nikiwa shule, nikamkuta mwanamke amevaa ovaroli ya kijani, chatu mzima kamlalia mabegani, anaeleza, na wanaume watu wazima wamenyamaza wanamsikiliza. Sikuwa nimewahi kuona mwanamke akisikilizwa namna ile bila kupandisha sauti. Tangu siku hiyo niliitaka ovaroli ile. Nimetaka vitu vingi maishani na vingine nimevipata, lakini sijui kama kuna nilichokitaka kwa kiasi kile. Sasa Mzee Lukasi alikuwa na utaratibu wake wa kuajiri. Hakuuliza cheti. Alikupa chatu aliyetoka kwenye yai karibuni, sanduku la mbao lenye kioo mbele, na nakala ya kibali chake cha wanyamapori ili usije ukakamatwa, akakwambia ukaishi naye chumbani kwako mwaka mmoja. Mchana unafanya kibarua pale bustanini, unaosha vyombo vya maji na kufagia. Mwaka ukiisha, nyoka akiwa mzima na amenawiri, unapewa ovaroli. Akifa, unarudisha sanduku na kila mtu anashika njia yake. Waliojaribu kabla yangu walikuwa watatu, na aliyebaki alikuwa mmoja.

Siku ya kunikabidhi aliongea maneno mengi kuliko niliyomsikia akiongea miezi iliyofuata. Alinionyesha vibanda vya panya weupe aliowazalisha mwenyewe, kuanzia vichanga visivyo na manyoya mpaka majike makubwa, akaniambia nichague chakula cha mwanangu. Nikaangalia kile kichwa kidogo cha chatu, nikaona huruma, nikachagua kichanga. Akatikisa kichwa. Nikakumbuka watu wanavyosema chatu humeza mbuzi, nikanyoosha kidole kwenye jike kubwa. Akatikisa tena.

"Watu wote mnakosea mdomoni," alisema. "Mdomo wa nyoka usiuamini, binti, unapitisha chochote. Mtazame kiuno. Pale penye unene kuliko pote, pima hapo. Panya asizidi hapo."

Akanieleza kwamba akishakula, tumbo litokeze kidogo tu, kama mtu aliyeficha limau mfukoni. Likitokeza kama chungwa umeharibu. Kila wiki mara moja, panya awe amekwisha kuuawa, maana aliye hai ana meno na nyoka mchanga hana ujanja. Apashwe moto kwenye maji vuguvugu, ashikwe kwa koleo. Akishameza, siku mbili usimguse, usimpeleke kumwonyesha shoga yako, umwache alale. Mimi nikauliza nitapimaje kiuno cha kitu kisichotulia. Akasema hiyo ni shida yangu. Nikarudi mjini na sanduku limefunikwa khanga, nikipita mtu ananiuliza nimebeba nini, nasema cherehani.

Bi Tatu hakuamini habari ya cherehani. Alikuwa mwenye nyumba wangu, mjane wa miaka hamsini na kitu, mtu wa Mkuyuni aliyehamia mjini zamani na hakuacha kusuka. Mchana kutwa alikaa kwenye kibaraza cha uani na ukindu wake, anasuka ukili, anaushona mikeka, ukingo wa kila mkeka ameutia rangi ya zambarau ili watu sokoni wajue ni wake. Akanyanyua khanga, akaona, akarudi nyuma hatua tatu akiweka mkono mdomoni. Nilijua nikianza kubembeleza nimekwisha, kwa hiyo nikataja panya. Panya walikuwa wanamlia ukili wake, wanatoboa magunia ya mchele, wanakimbizana juu ya dari usiku kucha, na paka aliyeletwa alinenepa kwa dagaa tu. Bi Tatu akasogea tena hatua moja. Akauliza kama huyo bwana anakula panya kweli. Nikasema hali kingine. Basi akasema akae, ila yeye hamgusi, hatamgusa mpaka anaingia kaburini, na kwa kuwa analala chini ya bati lake, basi na yeye ni mpangaji kama wengine. Ndivyo alivyopata jina. Wiki mbili baadaye alipogundua kwamba Mpangaji hatoki sandukuni kwenda kukamata mtu, alilalamika sana. Mlinzi gani anafungiwa ndani na analetewa chakula, alisema, na mimi nikamjibu kwamba mjini wako wengi wa namna hiyo.

Shida ya kupima niliimaliza kwenye kibaraza chake. Niliokota uchane mmoja wa ukindu, mwembamba, laini, usiokwaruza. Usiku ule, tukiwa wawili chumbani, nilimshika Mpangaji taratibu, nikamwachia azunguke mkononi kwangu mpaka akatulia, nikamzungushia ukindu kiunoni bila kubana, nikapiga fundo pale ncha zilipokutana. Kesho yake nikaenda na uchane wangu kwenye vibanda vya panya. Namzungushia panya: fundo likipitiliza ni mdogo, lisipofika ni mkubwa, likikutana ndiye. Mzee Lukasi aliniona nikifanya hivyo, akasimama, akaangalia, akaenda zake. Jioni nikakuta amepigilia msumari ukutani pale kwenye vibanda, mahali pa kutundika ukindu wangu, na mimi nikajua nimesifiwa. Kila mwezi nilipiga fundo jipya mbele kidogo ya lile la zamani. Hakuna kitu kilichonipa furaha mwaka ule kama kuona fundo jipya linavyokataa kurudi kwenye la zamani.

Nyumba zetu zile, nyinyi mliokulia kwenye nyumba za silingibodi hamjui, kuta za vyumba hazikufika juu. Juu ilikuwa hewa moja kwa wote. Ukikohoa chumba cha kwanza, unapewa pole chumba cha nne. Kwa hiyo siku ya Mpangaji kula, nyumba nzima ilijua, na mimi nilisikia yote yaliyosemwa juu ya chakula chake. Bi Tatu ndiye aliyekerwa zaidi. Yeye alikuwa mtu ambaye ukiingia kwake kuulizia njia tu utatoka umekula ndizi za nazi, na mkono wako wa kushoto una kifurushi cha mdalasini aliotumiwa kutoka Mkuyuni. Kwake kumpa mtu chakula kidogo lilikuwa tusi. Nikiwa kitandani nilimsikia akimwambia Mwajuma, ambaye alikuwa anasoma sekondari wakati huo, kwamba mtoto wa watu anapewa kipanya kimoja cha wiki nzima, na kwamba dhambi hiyo inaandikwa kwa mwenye nyumba. Siku moja nilirudi mapema nikamsikia yuko mlangoni kwangu anaongea peke yake. Kumbe anaongea na sanduku. Anamuuliza Mpangaji kama leo ameshiba, anamwambia asiwe na wasiwasi, Mungu ni mmoja. Alipoona nimemsikia akasema alikuwa anafukuza sisimizi.

Ikaja Idi. Bi Tatu alikuwa na kawaida yake ambayo haikuvunjwa: siku ya Idi kila anayelala kwenye nyumba ile lazima ale fungu lake kwa mkono wake yeye, awe Mwislamu, awe Mkristo, awe mpangaji aliyehamia jana. Mbuzi aliletwa kutoka Dumila, pilau ikanukia mpaka barabarani. Alitugawia mmoja mmoja, sahani zimefunikwa kawa, akihesabu vyumba. Nikiwa nalamba vidole akaja na sinia lake dogo lililofunikwa. Akafunua. Ndani, juu ya jani la mgomba, kulikuwa na panya wa darini, dume zima, amenaswa na mtego asubuhi ile. Akasema hii ni Idi ya Mpangaji. Asipokula leo, yeye Bi Tatu atakuwa amemnyima mtu mmoja kwenye nyumba yake, na jambo hilo hajawahi kulifanya.

Nilipaswa kusema hapana. Nilikuwa najua. Nilichukua ukindu, nikamzungushia yule panya, na ncha zikaachana vidole viwili kabla ya fundo. Vidole viwili, nimeviona kwa macho yangu. Lakini mwanamke yule amevaa gauni jipya, ana hina mikononi, kashika sinia kwa mikono yote miwili, ananitazama. Na mimi nimeshiba, na aliyeshiba anaona kila mtu anastahili kushiba. Nikajiambia Idi haiji kila wiki. Nikashika koleo. Mpangaji alimvamia yule panya kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona, akamzungushia mwili, akaanza kummeza, akahangaika, akapumzika, akahangaika tena. Mlangoni kulikuwa na watu sita. Alipomaliza Bi Tatu akapiga kigelegele kifupi. Mimi nikaangalia tumbo. Halikuwa limau, wala halikuwa chungwa. Lilikuwa limevimba hata magamba yameachana, ngozi inaonekana katikati yake.

Siku ya tatu alitapika. Harufu ile sitaieleza, watu wengine mnasoma mkiwa mnakula. Ilipita juu ya kuta ikaingia vyumba vyote, na hakuna aliyeuliza ni nini, wote walijua. Mpangaji alilala amenyooka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nilipomwinua alikuwa mzito na mlegevu mkononi. Bi Tatu alikuja akasimama mlangoni, safari hii bila mkono mdomoni. Alianza kusema kwa Kiluguru, haraka haraka, maneno ya kujilaumu, kisha akageukia Kiswahili akaniambia nisimwambie Mzee Lukasi habari ya Idi. Niseme ni baridi. Wiki ile upepo wa mlimani ulikuwa unashuka kweli, mtu angeamini. Alinipenda ndiyo maana akasema vile, hakutaka nikose kazi kwa ajili yake. Usiku kucha niliivaa ile ovaroli akilini na kuivua.

Asubuhi nilikwenda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamwambia yote: panya wa darini, vidole viwili, sinia, kigelegele. Sikumtaja Bi Tatu kama mkosaji, koleo nilishika mimi. 

"Umekuja kuniambia, au umekuja kuaga?" aliuliza.

"Nimekuja kukuambia, mzee. Kama ni kuaga utaniaga wewe."

Akavua kofia yake akaipigapiga pajani. "Wote mliopita hapa mmewalisha kupita kiasi," alisema. "Hata mimi nilimlisha wa kwanza mpaka akafa. Niliowaondoa ni wale wawili walioniambia ni baridi."

Akanipa masharti. Maji safi kila siku, sanduku likae penye joto, mtu asimguse, na asipewe chochote kwa wiki mbili kamili hata akionekana ana njaa, kwa sababu tumbo lililojeruhiwa linatakiwa kusahau kwanza. Baada ya hapo kichanga chenye manyoya machache, nusu ya kiuno. Akimeza na akamweka tumboni siku tatu, tumepona. Akimtapika tena, basi. 

Wiki mbili zile nyumba ilikuwa na mgonjwa. Bi Tatu alipika, lakini chumvi ilizidi au ilisahaulika, na hakuna aliyelalamika. Mwajuma alizima redio mwenyewe bila kuambiwa. Juu ya ukuta nilisikia tasbihi ikitembea alfajiri, na mara mbili nilisikia jina la Mpangaji katikati ya majina ya wagonjwa wa Mkuyuni wanaoombewa. Nyoka wa watu akaombewa dua na mwanamke aliyeapa hatamgusa mpaka anaingia kaburini, na mimi chini ya shuka nikacheka na kulia kwa pamoja. Siku ya kumi na tano nilileta kichanga changu kwenye kitambaa cha moto. Bi Tatu akaingia chumbani kwa mara ya kwanza, akakaa kitandani kwangu, akaomba kuuona ukindu. Nikampa. Akauzungusha mwenyewe kwenye kile kipanya, akaona ncha zinapishana sana, akashusha pumzi. "Haya," alisema. "Mpe kidogo chake." Mpangaji alitoa ulimi, akaurudisha, akautoa. Tukakaa. Kisha akamchukua polepole, bila fujo, akamaliza kabla chai yetu haijapoa.

Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Jioni ya tatu nikatoka uani nikasema yuko naye. Nilisema hivyo tu. Vigelegele vilivyopigwa nyumba ile vilimtoa jirani nje akiuliza nani kaposwa. Bi Tatu alikaanga vitumbua, akagawa mpaka barabarani, na nilipofungua mdomo kuuliza kama na Mpangaji ana fungu, aliniangalia jicho ambalo nalikumbuka mpaka leo.

Baada ya hapo mwaka ulikwenda vizuri. Mafundo yakaongezeka. Nilianza kusahau sahau vitu, au ndivyo nilivyodhani: nilikuwa na hakika nimefunga kigingi cha sanduku kikielekea juu, nikirudi nakikuta chini. Na Bi Tatu naye alizuka na utabiri. Nikisema wiki hii nadhani nipandishe, nichukue panya mkubwa kidogo, anajibu kutoka kibarazani bila kuinua macho kwenye ukili wake, bado, wiki ijayo. Nikipima, kweli bado. Nikimuuliza amejuaje anasema mtu aliyelea hahitaji kipimo. Mwaka ulipotimia nilimrudisha Mpangaji bustanini, mnene kama kifundo cha mkono wangu, magamba yanang'aa. Mzee Lukasi alimpitisha mikononi kutoka kichwani mpaka mkiani, akaingia ndani, akatoka na ovaroli ya kijani iliyokunjwa. Ilikuwa kubwa, nikaikunja mikono. Niliivaa miaka kumi na tisa. Jumapili ya kwanza nilisimama na nyoka begani nikaeleza habari ya kiuno na mdomo, na watu walinyamaza. Bi Tatu alikuwa mstari wa mbele amevaa gauni lake la Idi. Nilipowaalika watu wamguse, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi nyuma hatua tatu, mkono mdomoni, watu wakacheka naye.

Haya, nimepata kisu. Kifuniko kimetoka. Ndani kuna karatasi ya biskuti, na ndani ya karatasi kuna uchane mmoja wa ukindu. Nilidhani ni wangu, lakini wangu ninao, uko kwenye msahafu wangu miaka yote hii. Huu umetiwa rangi ya zambarau. Mafundo yake hayakupigwa kama yangu, ni yale ya washonaji wa mikeka, madogo, yaliyokazwa mpaka yakalala. Nimeuleta wangu nikauweka pembeni. Wake unaanza pale lilipo fundo langu la baada ya ile Idi, na kuanzia hapo hauna la mwezi, una la kila wiki, umesongamana mafundo mpaka mwisho, na kila langu la tangu wakati huo lina la kwake limekaa sawasawa pembeni.

Kiuno cha chatu hakipimwi kwa macho. Lazima umtoe, umshike, umwache akuzunguke mkono mpaka atulie.

Nimempigia simu Mwajuma nikamwambia mama yako alikuwa anamshika. Akauliza nani. Nikasema Mpangaji, kila wiki, nikiwa kazini. Nikasikia anaanza kucheka, anacheka mpaka simu inakwaruza, na mimi huku nimekaa na chane mbili mezani nacheka naye, na hakuna kati yetu aliyekata simu kwa muda mrefu.